Mtu wa Pili Kwenye Picha ya Mtoto

Saa tatu asubuhi jua limeshaingia chumbani, na mwanamke aliyeketi mbele ya kompyuta anainuka kulifungia nje. Anavuta pazia la kijivu mpaka mwisho wa reli, anabana ncha zake kwa vibanio vya nguo, kisha anarudi kwenye kiti chake. Sasa mwanga uliobaki ni mmoja tu, wa skrini.

Kwenye skrini yupo mtoto mchanga. Kofia ya kufuma imemshukia karibu na macho, ngumi moja ameitia mdomoni. Amekalishwa juu ya kiti kilichofunikwa shuka la maua makubwa, kuanzia kichwa cha kiti mpaka sakafuni. Hakuna kingine kwenye picha.

Anabofya mara moja. Programu inatafuna kidogo. Halafu visanduku viwili vya kijani vinajichora vyenyewe. Kimoja kinamzunguka mtoto. Cha pili kinazunguka shuka. Juu ya vyote viwili neno ni lile lile: mtu.

"Umeona?" anasema bila kugeuka. "Sijachora kitu. Na nikikifuta hicho cha pili, kesho nakikuta."

Ofisini wanamwita Bi Visanduku. Ni mama wa watoto wawili, mwembamba, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuita watu kutoka jikoni. Kazi yake ni kufungua picha za zamani kwenye kompyuta, kuzungushia visanduku vitu vilivyomo na kuviandikia lebo: mtu, baiskeli, redio, ua la plastiki. Lengo ni kwamba siku moja mwananchi yeyote aandike neno "harusi" au "baiskeli" kwenye mtandao, na picha za mji wake zimjie.

"Mume wangu anawaambia watu nachora," anasema. "Mama mkwe anadhani nacheza gemu. Nimewaacha hivyo hivyo. Kueleza kunachosha kuliko kazi yenyewe."

Kitengo chao kiko ghorofa ya pili ya jengo la maktaba, juu ya karakana ya kuchomelea mageti. Wakianza kugonga vyuma huko chini, meza inatetemeka na kishale cha kipanya kinacheza chenyewe. Ukutani zimepangwa boksi za filamu kutoka studio moja ya picha iliyokuwa mkabala na soko. Mwenye studio alifariki, mlango ukafungwa, na mjane wake akazileta boksi zote kwa mkokoteni. Filamu zimeshaskaniwa. Kilichobaki ni kutambua kilichomo.

Mwezi uliopita mkuu wa kitengo alimpa kazi nyingine juu ya ile: achague programu moja ya kuwekea picha lebo, itakayotumiwa na kitengo kizima. Iwe ya mtandaoni, inayofunguka ndani ya kivinjari bila kusakinisha chochote, kwa sababu kompyuta zao zimechoka na wafanyakazi hawakai chumba kimoja.

Bi Visanduku hakupoteza muda kusoma matangazo ya watengenezaji.

"Kwanza nachomoa waya wa mtandao katikati ya kazi," anasema. "Ikipoteza nilichochora, kwaheri. Pili naipa picha nzito kabisa, nione kama itakohoa. Tatu natafuta mlango wa kutokea. Nikitaka kuhama na kazi yangu, inatoka, au inabaki kwao? Wenzangu wanaangalia rangi na vitufe. Mimi sihami kwenye nyumba kabla sijajua mlango wa nyuma uko wapi."

Programu nyingi zilianguka kwenye waya. Nyingine zilianguka kwenye mlango. Zikabaki mbili, ambazo ofisini walizipa majina ya utani. Moja ni Haraka: inatazama picha na kupendekeza visanduku yenyewe, mtu anakubali au anakataa. Nyingine ni Nukta: haipendekezi kitu. Unazunguka kila umbo mwenyewe, nukta baada ya nukta, kama mtu anayetia sindano pembeni mwa kitambaa, mpaka nukta ya mwisho ikutane na ya kwanza.

Kila programu aliijaribu kwa picha ile ile moja. Ndiyo desturi yake tangu aajiriwe, na alikuwa na sababu. Picha ina mikunjo ya shuka, ina kofia yenye matundu, ina vidole vidogo. Programu ikiiweza hiyo, nyingine zote ni mteremko.

Na pia kwa sababu mtoto wa kwenye picha ni yeye.

"Nyumbani ilikuwepo ya ukutani, imekatwa duara, unaona uso na kifua basi," anasema. "Nyuma yake kuna namba ya bahasha ya studio. Nilipokuja hapa niliitafuta filamu yake, nikaipata nzima. Tangu hapo ndiyo ninayojaribia. Nimeiwekea lebo mpaka mkono unajua njia. Mtoto. Kofia. Kiti chenye shuka."

Siku Haraka ilipochora kisanduku cha pili, alicheka. Programu hizi hukosea. Zimewahi kuita kibuyu mtoto, na mtoto puto. Alikifuta, akafunga kompyuta, akaenda nyumbani kupika.

Asubuhi yake kilikuwepo.

Alikifuta tena, akamwita fundi kompyuta wa kitengo, kijana mrefu asiyekosa utani.

"Dada, hiyo siyo hitilafu, hiyo ni mgeni," fundi alimwambia. "Mkaribishe kiti."

"Ameshakaa. Niambie kwa nini anarudi."

"Kila ukiifungua picha, programu inaitazama upya. Haikumbuki kwamba ulikataa. Inaona inachoona."

"Inaona nini sasa?"

"Basi tuipe nyingine," fundi akasema, bado anacheka.

Wakaipa picha nyingine ya mtoto, na nyingine. Studio ile ilipiga watoto wengi, na wote walikalishwa mahali pamoja. Watoto walibadilika, kofia zilibadilika. Maua makubwa ya shuka hayakubadilika. Na kila mara visanduku vilikuja viwili. Mtu, mtu. Mtu, mtu. Wakajaribu picha ya meza iliyofunikwa kitambaa kile kile cha maua, yenye chombo cha maua juu. Haraka haikuweka kitu.

Fundi aliacha kucheka. Huko chini wachomeleaji nao walikuwa wamenyamaza, ikawa chumba hakina sauti ila feni ya kompyuta.

"Kuza hapo," fundi akasema. "Kiunoni kwa mtoto. Kuza zaidi."

Akakuza. Ubavuni mwa mtoto, pale ambapo siku zote aliona mkunjo wa shuka, mkunjo ulikuwa na kucha. Vidole vinne vilitokeza kwenye upenyo wa kitambaa na kumshika mtoto kwa nguvu, mpaka gauni lake likaingia ndani. Juu yake, ndani ya maua, ukishaambiwa uliona bega. Ukishaona bega, uliona kichwa kilichoinama kidogo. Wala hukuweza tena kutokukiona.

"Nilisimama," anasema Bi Visanduku. "Nikaenda kufungua pazia. Nilitaka kuona watu wanaotembea."

Aliyekuwa na jibu ni mjane wa mpiga picha, mwanamke mzito mwenye miwani ya kamba, ambaye mtaa mzima bado unamwita Mama Studio. Alipopigiwa simu alikuja mwenyewe, akapanda ngazi akizisimanga moja moja, akaketi mbele ya skrini na kuitazama ile picha kama mtu anayetazama sufuria yake kwenye jiko la jirani.

"Hilo shuka ni langu," akasema. "Mnashangaa nini? Huyo ni mama wa mtoto."

"Chini ya shuka?" fundi akauliza.

"Wewe ungemkalisha mtoto wa miezi sita peke yake kwenye kiti akatulia? Mwanga wetu ulikuwa hafifu, filamu ghali, mtoto akitikisika umeharibu. Na baba aliyelipa alitaka picha ya mtoto, hakutaka picha ya mkewe. Basi mama anakaa, namfunika, anampakata kwa juu ya shuka. Nimewafunika mwenyewe, mmoja mmoja. Joto la humo unalijua? Walikuwa wanatoka wamelowa kama waliovuliwa majini."

"Na wao walikubali tu?"

"Walikuwa wanacheka, mwanangu. Kucheka ndiko kulikotuharibia picha. Mume wangu akiinua mkono mimi nainama sikioni nawaambia: usicheke, usipumue, wewe hupo."

Mama Studio aliyasema hayo kwa sauti ya chini, kama alivyoyasema wakati ule, na fundi akasogeza kiti chake karibu na mlango.

Wakamwonyesha nyingine na nyingine. Wengine aliwakumbuka. Huyu alikuwa mke wa mwashi. Huyu alipiga chafya. Kisha ikaja picha moja isiyo na mtoto: kiti, shuka la maua, na nyuma yake ukuta. Haraka ilikuwa imeweka kisanduku kimoja. Mtu.

"Huyu naye nani, mama?" Bi Visanduku akauliza.

Mama Studio alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanga, akaivaa tena.

"Hiyo ni ya kupimia mwanga," akasema. "Mume wangu alikuwa anaipiga asubuhi kabla hatujafungua mlango. Hapo hapakuwa na mtu."

"Ipitisheni," akasema Mama Studio.

Wakaipitisha.

Bi Visanduku hakumjua mama yake. Alifariki kwa homa kabla binti hajajua kutembea. Alilelewa na shangazi yake, dada wa baba, katika nyumba ambayo ilikuwa na picha ya kila mtu isipokuwa ya huyo mmoja. Mama yake hakuwahi kupigwa picha. Baba naye hakupenda kuulizwa, akafariki bila kuulizwa. Utotoni Bi Visanduku alikuwa akimuuliza shangazi mama yake alifananaje, na shangazi akijibu kila siku jambo tofauti: mrefu, siyo mrefu sana, alikuwa na meno mazuri. Mwishowe aliacha kuuliza.

"Sasa fikiria," anasema, akiutazama mkono wake ulioshika kipanya. "Miaka yote hii, kila programu mpya ikija, nafungua picha, namzungushia kisanduku mama yangu, naandika kiti. Kwa mkono wangu. Hakuna aliyenituma."

Jioni ile alichapisha kipande cha picha kilichokuzwa, na picha nzima pamoja na visanduku vyake, akaenda navyo kwa shangazi yake. Bibi huyo anaishi nyumba ya nyuma ya duka la vipuri, chumba kimoja na ukumbi, na masikio yake yamepungua lakini macho hapana. Hakumweleza kitu. Aliiweka karatasi ya kwanza mezani, kati ya vikombe.

Shangazi aliitazama kwa muda. Kisha akaweka kidole chake juu ya kidole kidogo cha kwenye picha, kile kilichopinda kuelekea nje.

"Mlango wa chooni ulimbana," akasema. "Mimi ndiye niliyeufunga. Alinitukana siku mbili. Huyu ni wifi yangu, mmemtoa wapi?"

Bi Visanduku akamwonyesha picha nzima. Shangazi akashika mdomo. Mabega yakaanza kumtikisika, na mpwa wake akadhani analia, kumbe anacheka.

"Alirudi siku hiyo amelowa jasho, nywele zimesimama," shangazi akasema. "Nikamuuliza, wifi, umetoka studio au umetoka vitani? Akaniambia, wifi, leo nimegeuzwa kiti. Akacheka mpaka akakaa chini. Sikumwelewa. Mimi nikadhani kagombana na kaka yangu. Miaka yote hii nilikuwa najiuliza, kiti, kiti gani?"

Halafu akaacha kucheka, akaivuta karatasi karibu.

"Na hii mistari ya kijani ni ya nini?"

"Ni visanduku, shangazi. Kimoja changu, kimoja chake."

"Mbona huu mstari umemkata mkono?"

Ndivyo ilivyokuwa. Kisanduku kina pembe nne na hakijui kupinda. Vidole vilivyomshika mtoto vilikuwa ndani ya kisanduku cha mtoto, na shuka lilikuwa ndani ya kisanduku kingine, na mstari ulipita kwenye kifundo cha mkono. Kwa hesabu ya Haraka, mkono ule ulikuwa wa mtoto.

"Umemwona leo, na leo hiyo hiyo umemkata," shangazi akasema. "Mrudishe mkono wake."

Hapo ndipo uchaguzi wa programu, ambao ulikuwa suala la waya na vitufe, ulipokuwa suala jingine. Haraka ndiyo iliyomwona mama yake wakati macho ya wote yameshindwa, lakini haiwezi kumchora ila kwa pembe nne. Nukta haikumwona kabisa, lakini ndiyo pekee inayoweza kupita pembeni mwa bega, ishuke, iingie kwenye upenyo wa shuka, izunguke vidole vinne na kurudi. Ndiyo pekee pia inayokubali maelezo kati ya umbo na umbo: huyu amemshika huyu.

Tatizo ni kwamba Nukta inakula muda. Na Bi Visanduku ni wa mkataba. Mkataba unaisha mwisho wa mwaka, na unaongezwa kwa kuangalia picha zilizokamilika.

Mkuu wa kitengo, mwanamume mpole anayetembea na chupa ya chai kwapani, hakumficha.

"Hiyo ya nukta ni ya watu wenye nafasi, dada," alimwambia. "Sisi tuna boksi mpaka kwenye korido."

"Haraka inakata mikono, bosi."

"Mikono gani?"

Akamkalisha, akamwonyesha. Fundi anasema bosi aliitazama ile picha, akaomba ya pili, ya tatu, na chai yake ikapoa kwenye kifuniko. Kwenye ya nne alisogeza uso mpaka pua karibu iguse skrini, akasogea nyuma haraka, kama aliyechungulia dirishani akakuta anachunguliwa.

"Wako wangapi?" aliuliza.

"Sijui. Kila shuka."

"Ukichagua pole pole, mwisho wa mwaka mimi nitapeleka nini juu?"

"Peleka mikono."

Bosi alisimama, akachukua chupa yake. Alisema atakubali Nukta kwa picha za watoto tu, nyingine ziende na Haraka, na kwamba za watoto zisipokamilika kabla ya mkataba kuisha hataweza kumtetea. "Atakayeondoka kwanza ni wewe," alisema mlangoni. "Wa pili mimi. Kwa hiyo fanya haraka na hiyo pole pole yako."

Fundi alitafuta njia ya kuzitoa kazi za Haraka na kuziingiza kwenye Nukta, ili visanduku vya ile ya kwanza viwe vya kuonyeshea tu: hapa yupo mtu, mtafute. Ilimchukua siku tatu na maneno ambayo Bi Visanduku alimwomba asiyarudie mbele ya wageni. Ndiyo maana mlango wa nyuma ni muhimu, anasema.

Sasa kila asubuhi anavuta pazia, anafungua picha, anafuta kisanduku na kuanza kuweka nukta. Haandiki tena kiti. Pale penye jina, kama Mama Studio au jirani analijua, anaandika jina. Pale pasipo na jina anaandika: mama, amemshika mtoto. Ameongeza pia swali ambalo programu itamuuliza kila atakayeweka lebo baada yake: je, mtu huyu anaonekana? Majibu ni matatu. Ndiyo, hapana, kwa sehemu.

Ya mama yake aliifanya kwanza. Alianzia kwenye kidole kilichopinda. Nukta ya mwisho ilipokutana na ya kwanza, umbo lote lilijaa rangi ya samawati, na kwa mara ya kwanza alimwona mama yake ana urefu gani.

"Siyo mrefu sana," anasema. "Shangazi alipatia siku hiyo."

Mpango wake ni kumaliza picha za watoto kabla ya mkataba kuisha, kisha kufungua mkusanyiko siku moja ambapo wenye nyumba za jirani na studio ile watakuja kutafuta watu wao. Wale watoto leo ni watu wazima wenye watoto na wajukuu. Wengi wana picha iliyokatwa duara ukutani. Anataka kila mmoja akae kwenye kiti hiki, aikuze picha yake, na aulize mkono ule ni wa nani. Shangazi yake ameshaagiza gauni la siku hiyo. Mkataba uongezwe au usiongezwe, anasema, hiyo siku itakuwepo. "Wakinitoa nitakuja kama mgeni. Mlango naujua."

Kuna picha moja tu aliyoiacha nyuma. Leo ameamua kuifanya. Anaifungua: kiti, shuka la maua, ukuta, na kisanduku cha kijani kilicholetwa na Haraka. Fundi, ambaye alikuwa mlangoni na kikombe, anakumbuka ana shughuli chumba kingine.

Bi Visanduku anakuza. Maua yanakuwa makubwa, mikunjo inakuwa mabonde. Anapita taratibu kutoka juu kwenda chini, ukingo hadi ukingo, akitafuta ukucha. Chini kule wachomeleaji wanaacha kugonga.

"Zamani ningeandika kiti chenye shuka, nikaendelea," anasema. "Niliandika hivyo mara nyingi mno. Siku hizi kabla sijaandika, nauliza kwanza."

Anasogeza uso karibu na skrini.

"Hodi," anasema kwa sauti ndogo, na anangoja, kama mtu aliyesimama nje ya nyumba ambayo ameshasikia wenyewe wamo.

Kisha anaweka nukta ya kwanza.